Balozi na gereza la kuta tatu

Balozi akiwa kazini husema alichotumwa kusema. Akistaafu ndipo ulimi hufunguka, na wengine hufunguka ili kitabu kiuzike. Juma hili nataka kumzungumzia Mwingereza mmoja ambaye ulimi wake ulifunguliwa na jambo jingine.

Sir Brian Barder alizaliwa Bristol mwaka 1934. Mwaka 1957 akaajiriwa katika Wizara ya Makoloni huko London. Hebu tuukumbuke mwaka huo. Kenya ilikuwa bado chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na maelfu ya watu walikuwa kizuizini bila kusomewa mashtaka. Machi 1959, watu 11 waliuawa kwa kipigo katika kambi ya Hola. Simbebeshi kijana yule damu ya Hola. Hakuwa na cheo cha kuamua lolote. Nasema tu kwamba wizara aliyoanzia kazi iliifahamu vema sheria ya kumfungia mtu kwa kushukiwa. Nasi tuliirithi bila kusukumwa: Tanganyika ilitunga ya kwake mwaka 1962, Kenya ikafuata mwaka 1966. Wenye umri wangu wanalijua neno "kizuizini" bila kufungua kamusi.

Makoloni yalipokwisha, Barder alihamia kwenye ubalozi. Alikuwa Ethiopia kuanzia 1982 hadi 1986, enzi za Mengistu, na alikuwapo wakati wa njaa kuu ya 1984, ndege za Hercules za jeshi la anga la Uingereza zilipobeba chakula cha wenye njaa. Kisha Poland, kisha Nigeria kuanzia 1988 hadi 1991, akamalizia Australia mwaka 1994. Ethiopia ya Mengistu ilifunga watu bila mashtaka. Nigeria ya wanajeshi ilikuwa na Amri Namba 2 ya 1984 iliyoruhusu jambo lilo hilo. Mtu aliyeishi katika miji mikuu hiyo hakuhitaji kuhadithiwa.

Baada ya kustaafu aliingia katika tume maalumu ya rufaa za uhamiaji iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Wanakaa watatu: jaji wa Mahakama Kuu, jaji wa uhamiaji, na mtu wa tatu mwenye uzoefu wa mambo ya usalama. Barder alikuwa huyo wa tatu. Ukifika ushahidi wa siri, mtuhumiwa na wakili wake hutolewa nje. Hubaki wakili maalumu wa kumtetea, lakini huyo akishauona ushahidi haruhusiwi tena kuzungumza na anayemtetea. Sasa atamuuliza nani kama jambo lile ni kweli au si kweli?

Ikaja Septemba 11, 2001. Desemba ya mwaka huo Bunge la Uingereza likapitisha sheria kwamba mgeni anayeshukiwa ugaidi, ambaye hawezi kurudishwa kwao kwa kuhofia atateswa, afungwe bila kikomo. Serikali ilijitetea kuwa gereza hilo lina kuta tatu tu. Anayetaka kuondoka Uingereza, njia i wazi. Wawili waliondoka kweli. Kwa waliobaki, upande huo ulioachwa wazi ulielekea kwenye mateso ambayo Uingereza yenyewe iliyakubali kuwa ya kuhofiwa. Na tume haikuulizwa kama mtu ana hatia. Iliulizwa kama waziri alikuwa na sababu za kutosha za kumshuku.

Januari 2004 Barder alijiuzulu, na Machi akaeleza sababu zake katika jarida la London Review of Books. Mimi namheshimu kwa hilo, ila naona alichelewa. Sheria ilikuwa na miaka miwili tayari. Wapo watakaosema mtu mwema akiondoka, kiti chake hukaliwa na mbaya. Hoja hiyo tumeisikia hata hapa kwetu, mara nyingi kutoka kwa mtu anayekipenda kiti.

Desemba 16, 2004, majaji wa Baraza la Malodi waliamua, wanane dhidi ya mmoja, kwamba sheria ile ilivunja haki za binadamu, hasa kwa kuwabagua wageni. Uamuzi huo haukufungua mlango wa gereza siku hiyo. Sheria ilikoma Machi 2005, na mahali pake zikawekwa amri za kumfungia mtu nyumbani kwake.

Mzee hakunyamaza. Aliigeukia adhabu nyingine, iliyoanza 2005, ya kumfunga mhalifu bila tarehe ya kutoka mpaka athibitishe kwamba si hatari tena. Bunge liliifuta mwaka 2012, lakini halikuwagusa waliokwisha kuhukumiwa. Barder alipofariki mwaka 2017, zaidi ya 3,000 kati yao walikuwa bado ndani.