Kujenga, Kununua au Kupanga: Kampuni ya Chai Iliyojiundia Kompyuta



Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Hawakutuambia, hata hivyo, tufanye nini daftari zenyewe zinapokuwa nyingi hata hakuna awezaye kuzisoma zote. Hapo ndipo lilipozaliwa lile liitwalo ghala la data. Kompyuta ya dukani hujibu swali la sasa hivi: je, mzigo huu umelipiwa? Ghala la data hukusanya kumbukumbu kutoka dukani, stoo, idara ya mishahara na benki, likazioanisha na kuzihifadhi kwa miaka mingi, ili mwenye kampuni aweze kuuliza: kwa nini mauzo ya Ramadhani iliyopita yalipungua kuliko ya mwaka uliotangulia?

Kila kampuni inayofikia hatua hiyo hukumbana na uamuzi mzito. Je, inunue mfumo uliokwisha kutengenezwa, au ijijengee wake? Wataalamu hulijadili swali hili kana kwamba ni la juzi. Kwa hakika lilikuwapo kabla ya kompyuta yoyote ya biashara kuuzwa, na walioliuliza mapema kuliko wengi walikuwa wauza chai na keki.

Kampuni ya J. Lyons ya Uingereza ilikuwa na mikahawa ya chai zaidi ya 200, na makao yake makuu yalikuwa Cadby Hall, magharibi mwa London. Ilipata faida ndogo sana kwa kila kikombe na kila kipande cha keki, lakini kila mauzo yalihitaji karani wa kuyaandika. Mwaka 1947 iliwatuma maofisa wake wawili, Raymond Thompson na Oliver Standingford, kwenda Marekani kutazama mbinu mpya za kazi za ofisini. Huko walikutana na Herman Goldstine, mmoja wa wataalamu wa kompyuta ya ENIAC, naye akawafahamisha kwamba katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, Maurice Wilkes alikuwa akiunda mashine ya aina hiyo. Walikuwa wamevuka bahari kutafuta kitu kilichokuwa jirani na kwao.

Lyons iliipatia Cambridge pauni 3,000 pamoja na fundi wa kusaidia kazi. Kompyuta hiyo, EDSAC, ilitekeleza programu yake ya kwanza tarehe 6 Mei 1949. Baada ya hapo wakuu wa Lyons waliamua kujenga yao wenyewe, kwa kuwa sokoni hapakuwa na mashine iliyofaa kazi za ofisi. Mhandisi John Pinkerton alisimamia ujenzi, na David Caminer akaongoza utungaji wa programu. Mashine hiyo, yenye vali za umeme zipatazo 6,000, iliitwa LEO. Novemba 1951 ilianza kukokotoa thamani ya bidhaa za viwanda vya mikate vya Lyons, na wanahistoria wengi huihesabu kazi hiyo kuwa ya kwanza duniani ya kibiashara kufanywa na kompyuta kwa utaratibu wa kila wiki.

Kazi ya mishahara ilifuata. Hesabu ya mfanyakazi mmoja, iliyomchukua karani kama dakika 8, LEO iliimaliza kwa sekunde moja na nusu. Baadaye ulikuja utaratibu wa mikahawa. Kila msimamizi alikuwa na oda yake ya kawaida, na kila siku alipiga simu makao makuu kutaja mabadiliko tu: mikate imeongezwa, keki zimepunguzwa. Kompyuta ilikokotoa kiasi cha kuoka na kupakia, nao wakuu wakaona mahali hasa ambapo hali ilikuwa imebadilika. Jina la ghala la data lilikuwa bado halijatungwa, lakini shabaha yake ilikwisha kuonekana.

Je, Lyons ilipata wapi ujasiri huo? Jibu haliko katika vali wala nyaya. Tangu kabla ya Vita Vikuu vya Pili ilikuwa na idara ya kuchunguza taratibu za kazi, ambayo John Simmons alikuwa nguzo yake. Ilijua kila karatasi inatoka wapi, inakwenda kwa nani, na kwa sababu gani. Kwa hiyo ilipofika siku ya kujenga, ilijua inachokijenga.

Sehemu ya pili ya historia hii ina uchungu. Mwaka 1954 Lyons iliunda kampuni ya kuuza kompyuta hizo kwa wengine. Ushindani ulihitaji mtaji mkubwa kuliko uwezo wa muuza chai. Mwaka 1963 kitengo hicho kiliunganishwa na kampuni ya English Electric, na mwaka 1968 mabaki yake yakaingia katika kampuni ya ICL. Kujijengea chombo cha kazi yako ni jambo moja. Kuwa fundi wa dunia nzima ni jambo jingine.

Miongo ikapita. Mwaka 1979 ilianzishwa California kampuni ya Teradata, iliyouza mashine maalumu za kuchambua kumbukumbu nyingi kwa pamoja. Mwaka 1988 Barry Devlin na Paul Murphy wa IBM walichapisha makala iliyoeleza muundo wa ghala la data la biashara. Mwaka 1992 Bill Inmon alitoa kitabu kilichohimiza ghala moja linalounganisha shirika zima. Mwaka 1996 Ralph Kimball akashauri kuanza na shughuli moja moja ya biashara. Walmart, kampuni ya maduka ya Marekani, ilichanganya njia: ilinunua mashine za Teradata, lakini mfumo wa kuwaonyesha wauzaji wake hali ya bidhaa iliutengeneza yenyewe.

Kisha ikaja njia ya tatu, ambayo kwa lugha yetu tungeiita kupanga. Google mwaka 2010 na Amazon mwaka 2012 zilitangaza huduma ambazo mteja hulipia nafasi na matumizi, bila kununua mashine. Ni nafuu kwa kuanzia. Lakini mpangaji hapangi kodi, na siku ya kuhama hubeba mzigo wake mwenyewe.

Afrika Mashariki inayo sura yake katika historia hii. Safaricom ilipoanzisha M-Pesa nchini Kenya Machi 2007, mfumo ulikuwa umetengenezwa kwa ajili ya Vodafone na kampuni ya Sagentia ya Cambridge, mji uleule wa EDSAC, na kwa miaka kadhaa mitambo yake ilikaa Ujerumani. M-Pesa si ghala la data, bali ni mfumo wa malipo. Hata hivyo swali ni lilelile. Mwaka 2015 mitambo ilihamishiwa Kenya, na mwaka 2020 Safaricom na Vodacom zilinunua kutoka Vodafone haki za M-Pesa na jukumu la kuiendeleza. Walianza kwa kutegemea mwingine. Umiliki ulifuata baada ya kuijua kazi.

Kwa hiyo, msikilizaji, anayeuliza kama anunue au ajenge, na aanze na swali dogo: katika kampuni yangu, mteja ni nani? Idara ya mauzo huenda inahesabu kila namba ya simu, na ya fedha ikamhesabu mlipaji peke yake. Mashine hununuliwa, programu hupangwa, fundi huajiriwa. Maana ya maneno hayo hakuna duka liiuzalo. Hiyo lazima ijengwe nyumbani, na wale wanaoifanya kazi kila siku, kama wasimamizi wa mikahawa ya Lyons na simu zao.