Kupanda Kuba ya Brunelleschi

Kuba ya Kanisa Kuu la Santa Maria del Fiore, Florence, ilijengwa kati ya 1420 na 1436 chini ya Filippo Brunelleschi, sonara kwa mafunzo. Kwa kweli ni kuba mbili, moja ndani ya nyingine, na njia yako inapita katikati yake: ngazi 463, lifti hakuna. Humo ndani tazama matofali. Mengine yamelazwa, mengine yamesimamishwa, yakashikana kama ukili uliosukwa. Ndiyo maana mafundi waliipandisha bila kiunzi cha mbao kutoka chini. Njiani utapita karibu kabisa na mchoro wa Hukumu ya Mwisho wa Vasari na Zuccari (1572–1579). Shingo itauma, lakini usiharakishe.

Tiketi hukatwa mapema, kwa siku na saa maalumu. Chagua zamu ya kwanza ya asubuhi, katikati ya wiki, miezi ya baridi. Kiangazi watu husongamana na joto hukaba. Wenye maradhi ya moyo au hofu ya vimo wasipande.

Nafasi zikiisha, upo mnara wa kengele wa Giotto, ngazi 414. Kwa picha tungeuchagua huo: kutoka kileleni kuba yenyewe unaiona.