Nyumba ikibebwa na maji, nani alipe? Historia ya bima ya mafuriko na swali la sanduku letu



Katika mkutano uliopita swali moja lilitukalisha karibu saa mbili, na tukaenda nyumbani bila kulimaliza. Sanduku la mutuele yetu linasaidia mgonjwa, linasaidia wenye kilio. Je, lianze pia kulipa nyumba iliyobebwa na maji? Mama mmoja wa upande wa mto alisimama akasema: "Mnajua kunizika vizuri. Lakini nikiwa mzima, nimekosa nyumba, hapo hamnijui." Watu walicheka kwanza, halafu wakanyamaza.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa alikuwa anasema nini. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulitoka njia yake pale Uvira, maelfu ya nyumba yakaenda na watu wakafa. Mwezi wa 5 mwaka 2023 ikawa zamu ya Kalehe, Bushushu na Nyamukubi, ambako waliokufa walipita 400. Na ziwa lenyewe limepanda miaka hii mpaka likaingia ndani ya parsele za watu. Sisi tuliorudi kutoka kambi za Tanzania, Lugufu na Nyarugusu, tulikuta sehemu nzuri zimeshakaliwa. Iliyobaki kwa bei ya makuta yetu ilikuwa ile ya karibu na maji. Wengi tulijenga hapo tukijua.

Nimeombwa niandike kidogo kuhusu nchi ambazo zimeshajaribu bima ya mafuriko, ile asiransi ya nyumba, ili mkutano unaokuja tusianze tena toka sifuri. Nimechagua Marekani, kwa sababu kule wamejaribu njia zote mbili, ya kampuni za watu binafsi na ya leta, na makosa yao yanajulikana.

Mwaka 1927 mto Mississippi ulijaa kuliko watu walivyowahi kuona. Tarehe 21 Aprili tuta kubwa la udongo lilipasuka mahali panaitwa Mounds Landing. Kwa jumla maji yalifunika karibu kilomita za mraba 70,000. Chukua nchi ya Burundi, uiweke mara mbili na nusu, yote chini ya maji. Watu zaidi ya 600,000 walikimbia makwao. Weusi waliolima mashamba ya wenyewe waliwekwa kambini juu ya matuta, na pale Greenville askari waliwalinda wasiondoke, ju ya matajiri kuogopa kwamba wakienda hawatarudi kulima. Mtu aliyeishi kambini akisoma habari hiyo haitaji kufafanuliwa.

Kuna jambo lingine la mwaka ule ambalo linahusu swali letu moja kwa moja. Wakubwa wa mji wa New Orleans waliogopa maji yatawafikia. Wakapata ruhusa ya kulipua tuta kwa dinamiti pale Caernarvon, chini ya mji, tarehe 29 Aprili, ili maji yaende kwa watu wa St. Bernard na Plaquemines. Waliahidi kuwalipa hasara. Baada ya hesabu na makato, wengi walipata kidogo sana au hawakupata kitu. Kumbe ahadi ya kulipa nyumba ni rahisi kutamka wakati maji hayajafika.

Kabla ya hapo kampuni kadhaa zilikuwa zinauza bima ya mafuriko. Baada ya 1927, na mafuriko mengine ya 1928, ziliacha. Kwa miaka mingi mwenye nyumba Marekani aliweza kununua bima ya moto, ya wizi, ya upepo, lakini ya mafuriko hakupata wa kumuuzia.

Kwa nini zilikimbia? Hapa naomba tukae kidogo, ju ndipo penye shida yetu sisi pia. Sanduku la ugonjwa linafanya kazi kwa sababu hatuugui wote usiku mmoja. Leo ni mtoto wa huyu, mwezi ujao ni mzee wa yule, na wazima wanachangia mgonjwa. Maji hayana zamu. Yakija, yanachukua mtaa mzima kwa saa tatu, na wote waliochangia wanafika mlangoni asubuhi moja na mkono wazi. Tena anayenunua bima hiyo ni mtu wa bondeni tu. Mwenye nyumba mlimani anasema, mimi maji yatanipandia huku? Hanunui. Basi kampuni inabaki na wateja ambao wote wana hatari moja. Ikipandisha bei ili iweze kulipa, maskini wanashindwa. Ikishusha bei, inafilisika siku moja. Sioni kwamba kampuni zile zilikuwa na roho mbaya. Zilipiga hesabu.

Leta ilichelewa. Rais Truman alileta wazo la bima ya serikali baada ya mafuriko ya Kansas na Missouri mwaka 1951. Mwaka 1956 sheria ilipitishwa kabisa, ila bunge halikutoa pesa za kuianzisha, ikafia kwenye karatasi. (Sheria nzuri isiyo na bajeti, hiyo si ya kwetu peke yetu.) Mwezi wa 9 mwaka 1965 kimbunga Betsy kikaipiga New Orleans, hasara ikapita dola bilioni 1, na ndipo wakubwa wakaamka.

Katika ripoti ya 1966 iliyoongozwa na mtaalamu wa jiografia Gilbert White kulikuwa na onyo. Alisema kwa maana hii: bima ya mafuriko ikipangwa vibaya inaweza kuzidisha hasara, kwa sababu mtu akijua atalipwa, atajenga palepale penye hatari. Mwaka 1968 mpango wa taifa ulianza, na wazo lake lilikuwa mapatano: serikali itauza bima katika mji ule tu ambao utakubali kuweka sheria za kujenga, yaani ramani ya sehemu za hatari, na nyumba mpya ziinuliwe juu ya kipimo cha maji. Nyumba za zamani zilipewa bei ya chini kuliko hatari yake, kwa huruma, ju wenyewe walijenga kabla ramani haijachorwa.

Mwanzo watu hawakununua. Kimbunga Agnes kilipofika 1972, karibu hakuna aliyekuwa na kontra. Basi sheria ya 1973 ikasema: ukitaka mkopo wa nyumba benki, na nyumba iko sehemu ya hatari, lazima uwe na bima. Hapo ndipo ilipokua. Toka 1983 kampuni binafsi zikarudi kwa mlango mwingine. Zinauza karatasi ya bima, zinapima hasara, zinapata malipo ya kazi yao, lakini hasara yenyewe inabebwa na serikali.

Mpango ulienda hivyo mpaka Katrina, 2005. Malipo yalikuwa makubwa mpaka ukakopa kama dola bilioni 17 kwa hazina ya serikali. Mwaka 2017, vikiwemo vimbunga kama Harvey, ilikuwa mbaya tena. Bunge likafuta deni la bilioni 16, na bado zikabaki zaidi ya bilioni 20. Ndani ya hesabu hiyo kuna jambo ambalo White aliliogopa: nyumba zilezile zilizojaa maji mara nyingi, kama asilimia 1 tu ya nyumba zote zenye bima, zimekula robo ya malipo au zaidi. Mwenyewe analipwa, anajenga palepale, maji yanarudi, analipwa tena.

Mwaka 2012 walijaribu kupandisha bei ifanane na hatari. Watu walilia mpaka 2014 bunge likarudi nyuma kwa sehemu, na kuweka kikomo cha bei kupanda kwa mwaka. Toka Oktoba 2021 kila nyumba inapimwa peke yake: iko mbali kiasi gani na maji, imeinuka kiasi gani, kuijenga upya ni bei gani. Wengine bei ilishuka, wengi ilipanda.

Leo mwenye nyumba kule anaweza kulinganisha. Bima ya leta inalipa mpaka dola 250,000 kwa jengo la familia na 100,000 kwa vitu vya ndani, hata kama nyumba ina thamani kupita hapo. Kwa kawaida unangoja siku 30 ndipo ianze, kusudi mtu asinunue akiwa tayari anasikia kimbunga kwenye redio. Kampuni binafsi, ambazo zimeanza kurudi na kubeba hatari zenyewe, mara nyingi zinalipa kiasi kikubwa zaidi, zinangojesha siku chache, na zingine zinakulipia hata nyumba ya kupanga wakati yako inatengenezwa, jambo ambalo leta haifanyi. Bei yao inaweza kuwa nafuu kabisa. Lakini kampuni inachagua. Inachukua nyumba nzuri, na ukishaingia maji mara moja inaweza kukataa kurudisha kontra mwaka unaofuata. Leta haikufukuzi, ili mradi mji wako uko ndani ya mpango na unalipa. Mimi nikiwa na nyumba bondeni kule ningebaki na leta, na kiburi changu chote cha kupenda kazi iende haraka.

Kwa ufupi niwataje Waingereza, ju wao walichukua njia ya katikati. Toka Aprili 2016 wana mfuko unaoitwa Flood Re. Kampuni zote za bima za nyumba zinachangia humo, na kampuni inapata pesa hiyo kwa mtu wa mlimani pia bila yeye kujua sana. Mfuko unapokea hatari ya mafuriko ya nyumba za bondeni ili bei ya wale iwe ya kuwezekana. Ila nyumba iliyojengwa baada ya tarehe 1 Januari 2009 haiingii, na mfuko umepangwa kufungwa 2039. Yaani wanasema: tunawasaidia waliokuwa wameshajenga, hatumwiti mtu mpya aje kando ya mto.

Kwetu Kongo, toka 1966 bima ilikuwa kazi ya kampuni moja ya leta, SONAS, mpaka sheria ya 2015 ikafungua soko, na sasa kampuni binafsi zipo. Lakini niambieni nani kati yetu, na nyumba yake ya matofali ya udongo na parsele yenye karatasi ya shefu tu, ameona ajenti wa bima akipiga hodi? Kwa sasa hatuna kampuni wala leta. Tuna sanduku.

Basi tulipime. Tuseme tuko 300 na kila mmoja anatoa dola 2 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 7,200, tena kama hakuna aliyeugua wala kufa. Tuseme mto unabeba nyumba 80 za wanamemba, na tumeahidi dola 200 kila nyumba, manjanja na misumari tu. Ni 16,000. Usiku mmoja umekula miaka miwili ya sanduku, na mama atakayejifungua kwa upasuaji wiki ile atakuta kufuli tu.

Kwa hiyo mimi nitapiga kura ya kukataa nyumba kuingia katika sanduku la ugonjwa na kilio. Nitakubali sanduku la pili, lenye kitabu chake, likiwa na ndugu wa milimani ndani yake pia na si watu wa mto peke yao. Najua watalalamika. Tuwakumbushe kwamba upepo unang'oa manjanja huko juu, na sanduku hilo linaweza kulipa hayo vilevile. Liahidi kiasi kidogo kinachotoka siku ya tatu, lisiahidi bei ya nyumba. Na nyumba mpya itakayoanza msingi ndani ya njia ya mto baada ya siku ya kura isiandikwe, hata kama ni ya kiongozi. Kwa marafiki wafadhili, sanduku kama hilo halitasimama bila mtu wa nje anayeahidi kubeba usiku ule mkubwa. Kampuni za bima zenyewe hukata bima kwa kampuni kubwa zaidi, kwa sababu hiyohiyo.

Nilimpelekea yule mama maneno haya kabla sijayaandika. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Na kama nataka kuhama, parsele ya juu nitanunua na nini?" Nikamwambia habari ya kijiji cha Valmeyer, jimbo la Illinois. Mississippi iliwafunika 1993, watu kama 900. Badala ya kulipwa wajenge palepale, serikali ilisaidia kununua nyumba zao za bondeni, na kijiji kikajengwa upya juu ya mlima, kilomita chache tu kutoka pale. Alitikisa kichwa. Akasema shefu ana sehemu upande wa juu, bei anaijua, na wako familia 11 wanaotaka kwenda pamoja. Nimeandika majina yao, na nimeomba jambo hilo liwe la kwanza kwenye mkutano, kabla ya kura ya sanduku.