Warsha za usimulizi wa kidijitali, Turkana

Mafunzo ya sanaa ambamo watoto na vijana hutunga kisa, hukisoma kwa sauti zao wenyewe, kisha hukiunganisha na picha au michoro kiwe filamu ya dakika mbili tatu. Mtindo huu ulikuzwa California, Marekani, miaka ya 1990.

Katika Kaunti ya Turkana, Kenya, mfano mmoja ni wa Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992. Shirika la FilmAid lilianza kazi huko mwaka 2001, likionyesha filamu usiku uwanjani kwa skrini iliyobebwa na lori. Baadaye likawafundisha vijana wakimbizi kuandika skripti, kushika kamera na kuhariri. Hatua hii ya pili ndiyo yenye uzito: mtazamaji akawa msimulizi.

Kwingineko katika kaunti hiyo, Kalokol, mji wa wavuvi karibu na ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana, hauna haja ya kuazima visa. Kando ya barabara itokayo mji wa Lodwar yamesimama mawe ya Namoratunga. Wanaakiolojia huyahesabu kuwa kazi ya wafugaji wa maelfu ya miaka iliyopita. Waturkana husimulia kuwa ni wacheza ngoma waliogeuzwa mawe. Kisa cha namna hii chafaa sana kwa warsha, kwani kila bibi ana namna yake ya kukisimulia na simu ya kawaida yatosha kumrekodi. Kikwazo ni upepo, hivyo ni busara sauti inaswe ndani ya darasa na picha zipigwe nje.