Sailensi kubwa ya pikipiki

Sailensi kubwa ya pikipiki ni hitilafu inayofanya injini izunguke kwa kasi kuliko inavyotakiwa wakati mwendeshaji ameachia resi na gia iko huru. Hitilafu hii huonekana zaidi kwenye pikipiki za zamani zinazotumia kabureta. Ni dalili ya tatizo fulani, na kila chanzo kina tiba yake.

Neno sailensi hapa ni lugha ya mafundi wa Tanzania kwa mzunguko wa injini isiyopewa resi. Lisichanganywe na sailensa, ambayo ni bomba la kupunguza kelele za moshi.

Namna sailensi inavyofanya kazi

Pikipiki nyingi za silinda moja zenye ujazo wa sentimita za ujazo 100 hadi 150 hutakiwa kuwa na sailensi ya mizunguko kati ya 1,200 na 1,500 hivi kwa dakika. Kipimo halisi kimo katika kitabu cha pikipiki husika.

Ndani ya kabureta kuna slaidi, yaani kipande cha mviringo kinachopanda na kushuka kwa kuvutwa na kebo ya resi. Resi ikiachiwa, springi huirudisha slaidi chini. Haifungi kabisa, kwa sababu skrubu ya sailensi huishikilia juu kidogo ili hewa chache ipite. Petroli ya wakati huo hupitia jeti ndogo, na skrubu ya pili, ile ya mchanganyiko, hurekebisha uwiano wa hewa na petroli.

Kwa hiyo sailensi hupanda kwa njia kuu mbili: slaidi imebaki wazi kupita kiasi, au hewa inaingia kwenye injini kwa njia nyingine bila kupitia kabureta.

Madhara

Pikipiki yenye sailensi kubwa hula petroli hata ikiwa imesimama, huingia gia kwa kishindo na huchakaza klachi. Kwenye mteremko injini husaidia kidogo tu kupunguza mwendo, hivyo breki hubeba kazi kubwa zaidi. Kwa dereva wa bodaboda anayepeleka hesabu kwa mwenye chombo kila siku, petroli inayopotea hutoka kwenye kipato chake mwenyewe.

Hatari kubwa zaidi ni injini kupata hewa nyingi na petroli kidogo. Mchanganyiko wa namna hiyo huongeza joto, na valvu au pistoni inaweza kuungua. Kwenye injini ya mapigo mawili oili ya kulainisha huja pamoja na petroli, kwa hiyo petroli ikipungua ulainishaji nao hupungua, na pistoni inaweza kukwama ndani ya silinda pikipiki ikiwa mwendoni.

Ndiyo maana kushusha skrubu ya sailensi bila kutafuta chanzo si matengenezo. Kelele hupungua kwa muda, lakini hewa inaendelea kuvuja na injini inaendelea kuumia.

Vyanzo

* Kebo ya resi iliyokazwa mno, iliyokatika nyuzi au iliyojaa vumbi na kutu.
* Skrubu ya sailensi iliyopandishwa na kusahauliwa.
* Slaidi iliyochakaa, iliyoshikwa na uchafu, au iliyowekwa kinyume baada ya kabureta kusafishwa. Upande uliokatwa wa slaidi hutakiwa kuelekea kwenye chujio la hewa.
* Choki isiyorudi mahali pake.
* Manifoldi ya mpira iliyopasuka, au gasketi na oringi zilizokauka kati ya kabureta na injini.
* Jeti ndogo iliyoziba, hata petroli ikapungua.
* Oili sili ya krenki iliyochoka, kwa injini za mapigo mawili.

Hatua za uchunguzi

Uchunguzi huanza na mambo rahisi yasiyohitaji kununua kifaa. Hufanyika mahali penye hewa ya kutosha, baada ya injini kupata moto kwa dakika 5 hadi 10, kwa kuwa injini baridi yenye choki huweza kuwa na sailensi kubwa bila kuwa mbovu.

1. Kusikiliza tabia ya injini. Sailensi iliyo juu muda wote bila kubadilika mara nyingi huelekeza kwenye skrubu, kebo au slaidi. Sailensi inayobaki juu resi ikiachiwa, kisha ikashuka polepole, mara nyingi huelekeza kwenye uvujaji wa hewa au jeti iliyoziba.

2. Kuzungusha usukani. Injini ikiwa inaunguruma, usukani hupelekwa kushoto hadi mwisho, kisha kulia. Mzunguko ukipanda, kebo ni fupi, imekazwa au imepitishwa vibaya. Mkono wa resi unatakiwa kuwa na nafasi ya milimita 2 hadi 6 kabla haujaanza kuvuta slaidi.

3. Kukagua choki na slaidi. Injini ikiwa imezimwa, resi huvutwa na kuachiwa. Slaidi inatakiwa kushuka kwa haraka na kugonga chini kwa sauti inayosikika.

4. Kupima kwa choki. Injini ya moto huwekewa choki kidogo. Mzunguko ukishuka na kutulia, injini ilikuwa na upungufu wa petroli au ziada ya hewa. Ikianza kusongwa mara moja, huenda mchanganyiko hauna tatizo hilo.

5. Kutafuta uvujaji. Maji hunyunyizwa kidogo kidogo kwenye maungio ya manifoldi. Mzunguko ukibadilika, hapo ndipo hewa inapoingia. Petroli isitumike kwa kipimo hiki, kwa kuwa inaweza kushika moto kwenye injini ya moto na kumuunguza fundi.

6. Kusafisha jeti ndogo. Jeti hupulizwa kwa hewa ya pampu. Waya wa chuma haufai, kwa sababu hupanua tundu.

7. Kurekebisha. Skrubu huguswa mwishoni, baada ya chanzo kuondolewa. Ile ya mchanganyiko hufungwa taratibu hadi mwisho, kisha hufunguliwa mzunguko mmoja na nusu hivi kama mahali pa kuanzia. Kwa kawaida, ikiwa iko upande wa chujio la hewa, kuifungua huongeza hewa. Ikiwa upande wa injini, kuifungua huongeza petroli. Hatimaye sailensi hushushwa hadi kiwango chake.

Mazingira ya Simiyu

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 ukiwa na makao makuu Bariadi, ni mfano mzuri wa mazingira yanayozalisha hitilafu hii. Wakati wa kiangazi barabara za vumbi za Itilima, Meatu na Maswa hujaza chujio la hewa haraka. Madereva wengine huliondoa kabisa. Vumbi hilo basi huingia kwenye kabureta na kusaga slaidi. Wakati wa masika udongo mweusi wa mfinyanzi, unaoitwa mbuga, hunata kwenye kebo na kukaukia humo.

Petroli inayouzwa vijijini kwa chupa na madumu huweza kuwa na maji au uchafu, na jeti ndogo ndiyo ya kwanza kuziba. Jua kali nalo hukausha manifoldi za mpira. Kuifunga manifoldi iliyopasuka kwa mpira wa tyubu humfikisha msafiri nyumbani, lakini si tiba ya kudumu. Gundi ya silikoni ya kawaida nayo haifai, kwani hulainishwa na petroli, na vipande vyake vinaweza kuvutwa ndani ya injini.

Sehemu kubwa ya mkoa iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, na pikipiki iliyorekebishwa Dar es Salaam huwa na petroli nyingi zaidi kiasi ikifika Bariadi, si kidogo. Hivyo dalili za upungufu wa petroli zisisingiziwe mwinuko.

Pikipiki nyingi za bei nafuu zina injini zilizonakiliwa kutoka Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976. Vipuri vyake hufanana, lakini manifoldi na gasketi hulinganishwa na za zamani kabla ya kufungwa.

Tahadhari na kinga

Resi ikikwama njiani, dereva hukamata klachi, huzima injini kwa swichi na kusimama pembeni. Pikipiki hiyo isibebe abiria kabla ya kutengenezwa.

Kinga ni kusafisha chujio la hewa mara kwa mara, kulainisha kebo, kuchuja petroli ya chupa na kukagua manifoldi kila oili inapobadilishwa. Pikipiki mpya zisizo na kabureta hudhibitiwa kwa vihisio vya umeme na huhitaji fundi mwenye kifaa cha kuzisoma.

Tazama pia

* Bodaboda
* Injini
* Kabureta
* Mkoa wa Simiyu