WANAWAKE NA HISTORIA, sehemu ya 4: Renu Khator

Leo twende India, mji wa Farrukhabad, alikozaliwa Renu mwaka 1955. Akiwa na miaka 18 wazazi wakampangia ndoa. Akalia sana, akijua masomo ndo basi.

Kumbe mumewe, Suresh, alikuwa anasoma Marekani, Chuo Kikuu cha Purdue. Alipojua mkewe anataka kusoma, akamsaidia kujiunga hapo hapo. Kiingereza cha Renu kilikuwa cha kuungaunga, akajifunza kwa kuangalia televisheni.

Mwaka 1975 akapata shahada ya uzamili. Ya uzamivu ikaja 1985. Hesabuni wenyewe: miaka 10 katikati! Ni mama wa mabinti 2 pia. Januari 2008 akaanza kuongoza Chuo Kikuu cha Houston, kule Texas.

Wodini nawasikia mabinti waliotoka kujifungua wakisema, "Dada nesi, shule basi tena." Mdogo wangu, kusimama siyo kuacha. Nyonyesha, lea, kisha rudi.

Na wewe baba unayesoma hapa: Suresh angesema hapana, leo tusingekuwa na cha kusimulia.