Vifaru wa Rochester: Mabingwa Waliokosa Mlango wa Kupandia

Tarehe 14 Septemba 1999, mjini Columbus, timu ya daraja la pili iliifunga timu ya ligi kuu ya Marekani mabao 2-0 na kutwaa Kombe la Wazi, shindano la taifa lililochezewa fainali yake ya kwanza mwaka 1914. Washindi walikuwa Rochester Raging Rhinos wa jimbo la New York, nao walioshindwa ni Colorado Rapids. Doug Miller alifunga bao la kwanza, Yari Allnutt akaongeza la pili mwishoni mwa mchezo. Kabla ya hapo Rochester walikuwa wamekwisha kuziondoa timu nyingine tatu za ligi kuu: Chicago Fire, waliokuwa wakilitetea kombe hilo, kisha Dallas Burn na Columbus Crew. Tangu ligi kuu ya sasa, yaani MLS, ianze kuchezwa mwaka 1996, hakuna timu nyingine ya madaraja ya chini iliyolitwaa kombe hilo.

Hata miaka 24 haikutimia kabla klabu hiyo haijafungwa. Ni rahisi kuwalaumu wamiliki wake, na kweli madeni yalikuwepo. Lakini hoja ya insha hii ni kwamba madeni yenyewe yalizaliwa na muundo wa soka la Marekani, ambamo timu haipandi daraja kwa kushinda. Sisi tumezoea kwamba bingwa wa daraja la chini hupanda na anayeshika mkia hushuka. Kule, nafasi katika MLS hununuliwa. Mwekezaji huomba, hukubaliwa au hukataliwa, kisha hulipa ada.

Klabu ilianza kucheza mwaka 1996, mwaka uleule wa MLS. Msomaji wa Kiswahili atatabasamu kuona mji wa kando ya Ziwa Ontario ukijiita kwa jina la kifaru. Kwetu neno hilo lina maana pia ya gari la vita, na mwaka 1999 maana zote mbili ziliwafaa. Katika msimu wa kwanza tu walifika fainali ya Kombe la Wazi, wakafungwa 3-0 na D.C. United. Chini ya kocha Pat Ercoli walichukua ubingwa wa ligi yao mwaka 1998, kisha 2000 na 2001. Walicheza katika uwanja wa besiboli, na bado katika miaka hiyo ya mwanzo mechi moja ilivuta kwa wastani watazamaji zaidi ya 10,000, katika mji wenye wakazi kama laki mbili. Katika nchi yenye kupanda na kushuka daraja, suala lao lingekwisha mwaka 1998.

Wamiliki wakaona kwamba kinachokosekana ni uwanja wao wenyewe. Ulifunguliwa mwaka 2006 ukiwa na viti zaidi ya 13,000, na mpango wa kuupanua ikiwa MLS ingewaita. Haikuwaita. Mwaka 2005 ligi hiyo ilikuwa imeziingiza Real Salt Lake na Chivas USA, timu ambazo hazikuwahi kucheza hata mechi moja kabla ya kununuliwa nafasi. Mwaka 2007 ikaingia Toronto, mji ulio ng'ambo ya ziwa lilelile, kwa ada ya dola milioni 10. Rochester walibaki na uwanja wa ndoto ya daraja la kwanza na mapato ya daraja la pili. Mapema mwaka 2008 wakopeshaji waliinyang'anya kampuni iliyokuwa ikimiliki klabu, ikauzwa kwa mmiliki mwingine. Mji nao haukuwa na nguvu ya kuwabeba: Kodak, kampuni iliyoulisha kwa vizazi, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwaka 2012.

Ajabu ni kwamba hata katika hali hiyo walishinda tena. Mwaka 2015 walipoteza mechi moja tu katika msimu wa kawaida wa ligi, kisha wakaifunga LA Galaxy II 2-1 katika fainali, baada ya muda wa nyongeza. Galaxy II ilikuwa timu ya akiba ya klabu ya MLS. Ubingwa huo haukuwafungulia mlango wowote, na baada ya msimu wa 2017 klabu ikasimamisha shughuli zake.

Mwaka 2021 Jamie Vardy alijiunga na wamiliki. Yeye mwenyewe alitoka katika soka la ridhaa la Uingereza, akapanda hadi kuwa bingwa wa Ligi Kuu akiwa na Leicester City mwaka 2016, klabu iliyokuwa daraja la pili miaka miwili tu nyuma. Mwaka 2022 timu ilirudi uwanjani kwa jina la Rochester New York FC, hatimaye ndani ya shindano linaloendeshwa na MLS. Lakini lilikuwa MLS Next Pro, ligi ya daraja la tatu ya timu za akiba, na Rochester walikuwa klabu pekee humo isiyo chini ya timu ya MLS. Walicheza msimu mmoja. Machi 2023 walitangaza kwamba hawatacheza tena, na miezi miwili baadaye MLS ikaiuzia San Diego nafasi kwa dola milioni 500.